Mwaka wa Tamthilia na Densi katika Shule ya Upili ya Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Mlezi

Mwalimu anayekabidhiwa klabu ya drama mwezi wa Januari huwa tayari amechelewa kwa miezi mitatu. Muhula wa kwanza hufunguliwa mapema Januari, mashindano ya ngazi za chini ya tamasha la kitaifa la drama na filamu huanza kati ya Februari na Machi, na fainali za kitaifa hufanyika Aprili shule zikiwa zimefungwa. Ukiondoa juma la kuwapokea wanafunzi na siku za mtihani wa kufungua muhula, zinabaki wiki sita au saba za kuandika mchezo, kuchagua waigizaji, kushona maleba na kufanya mazoezi, na hakuna shule inayoweza kuyakamilisha yote hayo vizuri kwa muda huo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia Oktoba.

Nimekuwa mlezi wa klabu ya drama katika shule za Nairobi kwa miaka mingi, na kila mwaka nimewaona walimu wakitafuta kwanza nyota: msichana mwenye sauti ya kutikisa ukumbi, au mvulana anayechekesha hata akiwa kimya. Nyota wana nafasi yao. Hata hivyo, kinachoubeba mwaka mzima, tangu mchezo wa mashindano hadi densi ya Jumamosi, ni kikosi cha wanafunzi kumi au kumi na wawili wanaofanya kazi nyuma ya pazia: anayeshika mswada, anayewasha taa, anayetunza maleba, anayejua waya gani unaingia wapi. Tamthilia na densi hutumia ukumbi uleule, spika zilezile, fedha zilezile na wiki zilezile za kalenda, kwa hiyo huhitaji mikono ileile. Ukikijenga kikosi hicho kwanza, hatua zote zilizo hapa chini zitakuwa na mtu wa kuzitekeleza.

Oktoba na Novemba: kalenda, ruhusa na mswada

Chukua karatasi kubwa ya manila, uigawe kwa miezi, kisha uhesabu kinyumenyume. Weka kwanza mambo usiyoweza kuyasogeza: mitihani, likizo fupi za katikati ya muhula, siku ya wazazi, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE), na mashindano ya michezo ambayo yatakunyang'anya wachezaji wako wa densi hasa wakati unapowahitaji. Kisha weka tamasha la drama katika muhula wa kwanza na tamasha la muziki katika muhula wa pili. Densi za wanafunzi zipate nafasi iliyobaki wazi. Kwa maoni yangu, mbili kwa mwaka zinatosha, moja baada ya likizo fupi ya muhula wa kwanza na nyingine mwezi wa Julai, na muhula wa tatu usiwe na densi hata moja, kwa kuwa watahiniwa wanahitaji utulivu na ukumbi wenyewe huwa umejaa madawati ya mtihani.

Tamasha la drama lilianza mwaka wa 1959 na lile la muziki ni kongwe zaidi, la mwaka wa 1927, lakini kanuni zake hazikai vilevile. Kila mwaka hutolewa mwongozo unaotaja vitengo, mada, muda wa kila onyesho na idadi ya washiriki wanaoruhusiwa jukwaani. Usitegemee nakala ya mwaka uliopita wala maneno ya mwalimu wa shule jirani. Tafuta mwongozo wa mwaka wako, uuchapishe, na umpe mwanafunzi mmoja wa kikosi kazi ya kuujua kwa moyo. Shule nyingi hupoteza alama kwa kupitisha muda au kuzidisha mtu mmoja jukwaani, makosa ambayo hayahusiani kabisa na kipaji.

Ruhusa ya mwalimu mkuu iombwe kwa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, mradi itaje tarehe, idadi ya wanafunzi, saa za mazoezi, walimu watakaosimamia na makadirio ya fedha. Katika makadirio hayo, anza na usafiri, kwa sababu ndio unaokula zaidi: basi litakwenda mashindanoni mara moja, na mkishinda litakwenda tena na tena, mbali zaidi kila mara, na ushindi usiotengewa mafuta huwa msiba. Chakula cha siku ya mashindano kifuate, kisha maleba, kisha vifaa vya jukwaani. Tenga sehemu moja kwa kumi ya fedha zote usiiguse hadi wiki ya onyesho.

Sasa mswada. Michezo ya tamasha hili ni kazi mpya iliyoandikwa kwa ajili yake, na ingawa shule nyingine hulipa waandishi wa nje, mimi huamini kwamba mchezo ulioandikwa pamoja na wanafunzi huigizwa kwa ukweli zaidi. Waite wanafunzi wanaopenda kuandika, watatu au wanne tu, uwaulize swali moja: ni jambo gani lililotokea mtaani kwenu ambalo watu walibishana kulihusu kwa wiki nzima? Nairobi haikosi majibu. Utasikia habari za mwenye nyumba aliyeng'oa mlango kwa sababu ya kodi, za maji ya mtungi yaliyopandishwa bei siku bomba lilipokauka, za kondakta aliyerudisha pochi na kushukiwa kuwa mwizi. Kutoka hapo mtafute mgongano wa watu wawili ambao wote wana haki kidogo, kwa kuwa mhusika mbaya asiye na sababu humchosha mwigizaji kabla ya kumchosha mtazamaji. Mkishapata mgongano huo, andikeni onyesho la mwisho kwanza, kisha mrudi nyuma mkijiuliza nini kililazimu mambo yafike pale.

Rasimu ikikamilika, isomwe kwa sauti darasani huku mtu akishika saa. Muda wa kusoma si muda wa kuigiza: nyimbo, mabadiliko ya mandhari na kicheko cha hadhira huongeza dakika, kwa hiyo ikiwa usomaji tayari umegusa kikomo cha mwongozo, kata. Kata hotuba kwanza. Palipo na mhusika anayeeleza kwa aya nzima kwamba ufisadi ni mbaya, futa aya hiyo yote na umpe kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Jambo la mwisho kabla ya likizo ya Novemba ni kuupitisha mswada. Fainali za kitaifa za Aprili 2025 zilizofanyika Nakuru ziligubikwa na mzozo kuhusu mchezo wa shule moja ya wasichana, mzozo uliofika hadi Mahakama Kuu, ambayo iliamuru wasichana hao waruhusiwe kuigiza. Kila mwalimu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu yaliyotokea. Langu ni kwamba wanafunzi wana haki ya kuigiza nchi wanayoiishi, na kwamba mtu mzima ndiye anayepaswa kubeba uzito wa maneno yaliyomo. Kwa hiyo mswada usomwe wote na mwalimu mkuu, usainiwe kila ukurasa, na wazazi wa waigizaji waelezwe kisa chake mapema, ili shinikizo likija lisimkute mtoto wa miaka kumi na sita akiwa peke yake.

Januari: kuchagua watu

Tangaza usaili katika juma la pili, baada ya kila mtu kutulia. Usimwombe mwanafunzi akariri kitu nyumbani. Mpe mistari sita papo hapo, aisome mara moja kwa namna yake, kisha mpe maelekezo mapya: soma kana kwamba anayekusikiliza amelala na hutaki aamke. Unachotafuta ni badiliko kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Anayebadilika anaweza kufundishwa, na yule aliyesoma vizuri mara zote mbili kwa namna ileile atakusumbua hadi Machi. Kwa wachezaji wa densi, piga mdundo, waache wacheze, kisha unyamazishe ngoma ghafla na uangalie ni nani anayeendelea kuuhesabu mdundo kwa mwili wake.

Siku hiyohiyo fanya usaili wa kikosi cha nyuma ya pazia, na uufanye kwa heshima sawa. Wape kazi halisi: kufunga nyaya bila kuzikunja vibaya, kupanga viti hamsini kwa mistari iliyonyooka, kuandika orodha ya vitu ishirini walivyoonyeshwa kwa dakika moja. Watakaofaa mara nyingi ni wale wasiojitokeza kwingine.

Kipindi hiki cha mpito kutoka mtaala wa zamani wa vidato hadi mpya wa gredi kina hesabu yake. Wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia shule za upili Januari 2026, juu yao wakiwa kidato cha tatu na cha nne, na mwaka wa 2027 kidato cha tatu hakitakuwapo tena; watabaki kidato cha nne cha mwisho pamoja na gredi ya 10 na ya 11. Ukiwategemea wakubwa pekee, siku watakapomaliza KCSE utabaki mkono mtupu. Weka angalau nusu ya kikosi kutoka gredi za chini. Zaidi ya hayo, mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili za juu una somo la tamthilia na filamu na lile la muziki na densi, na wanafunzi wa mkondo huo wanaweza kuitumia kazi ya klabu kujiimarisha katika masomo yao.

Kila mhusika mkuu awe na mbadala anayejua mistari yote, na mbadala huyo apewe mazoezi kamili mara moja kwa wiki. Malaria, ada na misiba ya nyumbani havichagui wiki.

Februari na Machi: mazoezi

Saa za kweli ulizonazo ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni, pamoja na Jumamosi asubuhi. Katika shule ya kutwa, mwanafunzi anayepanda matatu mbili kufika Kayole au Githurai hawezi kukaa hadi giza liingie, kwa hiyo panga maonyesho yake yafanyiwe mazoezi mwanzoni. Wiki mbili za kwanza ni za mistari na mienendo, wiki mbili zinazofuata ni za kuigiza sehemu kwa sehemu bila karatasi, na wiki zinazobaki ni za kuuendesha mchezo mzima bila kusimama, hata mtu akikosea. Kusimamisha mchezo kila mara kunawafunza kusimama.

Sauti ishughulikiwe kila siku kwa dakika kumi. Wanafunzi walale chali sakafuni, waweke mkono tumboni, wavute pumzi hadi mkono uinuke, kisha watoe sauti moja ndefu bila kukaza koo. Baada ya hapo wasimame ukutani mwa nyuma wa ukumbi na mwenzao asimame jukwaani akizungumza kwa sauti ya kawaida. Wasiposikia neno wainue mkono. Mara nyingi tatizo huwa ni silabi za mwisho zinazomezwa, wala si udogo wa sauti.

Sasa niseme kuhusu mvua, maana sijaona ikitajwa popote. Masika huanza Machi, wakati uleule wa mashindano, na kumbi nyingi za shule zetu zimeezekwa kwa mabati. Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nikifundisha, mvua ilipiga paa katikati ya onyesho la pili, na mhusika mkuu akaanza kupiga kelele hadi koo likamkauka. Hakuna aliyesikia lolote, na dakika nne zilizobeba siri yote ya mchezo zikapotea. Tangu hapo huwafanyisha wanafunzi zoezi maalumu: kikosi cha nyuma hugonga masufuria na mabati kwa fujo, na waigizaji hulazimika kulifikisha onyesho lao kwa hadhira kwa mwili tu. Hujifunza kugeuza uso mbele, kusogeleana, kuyarefusha matendo, na kuyatunza maneno muhimu hadi mvua ipungue, hata ikibidi mtu atembee polepole kuvuka jukwaa na kurudi. Mchezo unaoeleweka chini ya mvua huwa bora zaidi siku ya jua.

Mshika mswada ndiye mtu wa kwanza katika kikosi. Nakala yake iwe ya upande mmoja wa karatasi, ili upande mtupu ubaki wa maelezo. Msichana mmoja niliyemfundisha alikuwa na mtindo ambao nimeurithisha kwa kila aliyemfuata: ukingo wa kushoto aliandika taa na sauti kwa penseli nyekundu, ukingo wa kulia mienendo ya waigizaji kwa penseli ya kawaida, na mahali pa kimya alichora vitone, kitone kimoja kwa kila pumzi, ili asije akamdhania aliyenyamaza kwa makusudi kuwa amesahau. Aliketi kando ya jukwaa upande wa kushoto, tochi yake imefunikwa kwa nailoni ya samawati isimulike hadhira, kidole kikifuata kila mstari. Penseli itumike, kwa sababu kila kitu kitabadilika.

Densi ya jukwaani na wenye ngoma

Densi ya kitamaduni ya ubunifu ndiyo inayoumiza vichwa vya walimu wengi wa Nairobi, kwa kuwa shule zetu huchanganya watoto wa jamii zote na wengi wao hawajawahi kuiona ngoma ya kwao ikichezwa kijijini. Hatua ya kwanza ni kumpata mwenye ngoma: nyanya wa mwanafunzi, mzee wa kanisa, mlinzi wa shule aliyewahi kuwa mpiga ngoma. Mwalike, mpe kiti na chai, na umwombe akueleze kwanza ngoma hiyo ni ya nini, kabla ya kuuliza inavyochezwa. Ngoma ya mazishi haiwezi kubebeshwa kisa cha arusi bila wenyewe kuumia.

Chukua mfano wa isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swara na njuga, huku wanaume na wanawake wakicheza kwa mistari tofauti na kiongozi akiimba kufuatana na mdundo. Mwalimu anayeondoa ngoma moja kwa sababu ya kukosa mpigaji hajarahisisha lolote; ameyavunja mazungumzo ya ngoma zenyewe. Vivyo hivyo mwomboko wa Wagikuyu, unaochezwa wawili wawili kwa kodiani na mlio wa chuma, hudai wanafunzi wafunzwe kushikana na kuongozana kwa adabu kabla ya kufunzwa hatua. Ubunifu uanzie katika kisa na mpangilio wa wachezaji, na mapigo yabaki kama alivyoyafundisha mwenyewe.

Ngoma za ngozi hulegea kwa unyevunyevu. Siku ya onyesho zikanzwe kwa jua la asubuhi, au kwa moto mdogo wa makaratasi nje ya ukumbi, mpigaji akiigonga kila baada ya muda hadi sauti iwe kavu. Apewe kazi hiyo mtu mmoja tu wa kikosi.

Maleba na vifaa

Usinunue chochote kabla ya waigizaji kujulikana vipimo vyao. Gikomba kuna makoti, suti na magauni ya mitumba ya kila umri na kila enzi. Nenda asubuhi mapema mizigo inapofunguliwa, na uende na fundi au mwanafunzi anayejua kushona. Leso na vitenge hupatikana Biashara Street, vitambaa vya jora Eastleigh, shanga, viondo na ndala za ngozi Kariokor, na mafundi wa Kamukunji watakukunjia bati liwe ngao, sanduku au taa ya kibatari kwa mfano utakaowachorea. Maleba ya densi yashonwe kwa upindo mpana, inchi mbili kila upande, ili yaweze kuvaliwa na mwingine mwaka ujao. Kila vazi lishonewe kitambaa chenye namba kwa ndani.

Mandhari yawe mepesi na yakunjike. Niliwahi kutengeneza fremu nzuri ya nyumba ya mabati, yenye dirisha na mlango, na tulipofika mashindanoni haikupita kwenye mlango wa ukumbi. Tuliigiza bila nyumba, na mhusika aliyepaswa kuufunga mlango kwa hasira akaufunga hewani. Sasa hakuna fremu inayozidi futi tatu kwa upana, na kila kiungo kinafungwa kwa skurubu za kukaza kwa mkono. Kikosi kifanye mazoezi ya kusimamisha na kubomoa mandhari kwa saa, hadi kazi hiyo ichukue muda usiozidi dakika mbili.

Siku ya mashindano

Fika mapema, ukiwa na orodha ya majina, barua za wazazi, sanduku la huduma ya kwanza, maji, na nakala ya ziada ya mswada. Wanafunzi wale chakula chepesi saa mbili kabla ya kuigiza. Mmoja wa kikosi akapime jukwaa kwa hatua, awarudie waigizaji, na wote wautembee mchezo wao nje kwenye nyasi kwa vipimo hivyo vipya. Maoni ya waamuzi yaandikwe neno kwa neno, hata yanayouma, na yasijadiliwe ndani ya basi; yajadiliwe Jumatatu, watu wakiwa wamelala. Safari ya kurudi ipangwe imalizike kabla ya giza, kwa sababu basi la shule halipaswi kuwa barabarani usiku likiwa na wanafunzi.

Muhula wa pili: onyesho la nyumbani na densi ya Jumamosi

Mchezo ulioishia ngazi ya kaunti haujafa. Mwezi wa Mei uigizeni shuleni kwa wazazi na majirani, kwa tiketi ya bei nafuu. Shule yenye uwezo inaweza kuulizia nafasi katika Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka wa 1952 kule Harry Thuku Road, lakini hata usipoigiza hapo, wapeleke kikosi chako kutazama mchezo wowote na waombe waonyeshwe nyuma ya pazia. Mafunzo ya siku hiyo huonekana katika kazi yao kwa miaka.

Densi ya wanafunzi, ambayo wao wenyewe huiita fanki wakialika shule nyingine, ipangwe kama onyesho, kwa mswada wa saa na dakika. Ianze saa saba mchana na imalizike saa kumi na moja kamili, wageni wapate kurudi kwao mchana. Alika shule moja au mbili tu, kwa barua kati ya mwalimu mkuu na mwenzake, idadi ikitajwa na kila wanafunzi ishirini na watano wakiwa na walimu wao, wa kike na wa kiume. Mlangoni kuwe na orodha. Asiye kwenye orodha haingii, hata akiwa ndugu.

Ukumbi ukaguliwe siku moja kabla. Miongozo ya usalama ya Wizara ya Elimu ya mwaka wa 2008 inataka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, iwe na upana wa kutosha na isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani, na hakuna sababu ya ukumbi wa densi kuwa na usalama mdogo kuliko bweni. Hesabu watu ambao ukumbi unawatosha kwa kukaa, kisha ruhusu wasiozidi nusu yao, kwa sababu anayecheza huhitaji nafasi ya watu wawili. Mitungi ya kuzima moto ionekane, nyaya zibandikwe sakafuni kwa utepe, na jenereta, kama ipo, ikae nje mbali na madirisha.

Vyombo vya muziki, kama shule haina, vikodishwe kwa mkataba wa maandishi unaotaja saa za kufika na za kuondoka. Ukiamua kununua, maduka ya Luthuli Avenue yana chaguo pana, ila spika zijaribiwe kwa sauti kubwa dukani kabla ya kulipa. Dijei alete orodha ya nyimbo juma moja kabla, isikilizwe yote na kamati ya wanafunzi wawili na mwalimu mmoja. Muziki unaopigwa hadharani huhitaji leseni ya mirabaha chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinawalinda majirani. Nenda ukawaambie majirani hao mwenyewe. Mzee anayeishi ukutani mwa shule hukubali mengi akijulishwa saa ya kumalizika.

Adabu ya densi ifundishwe kabla, darasani, kwa wavulana na wasichana pamoja. Wajue kwamba kuomba densi ni kwa maneno, kwamba kukataa hakuhitaji sababu, na kwamba aliyekataliwa hurudi mahali pake bila kunung'unika. Usiwaachie walimu wa zamu kuyasahihisha mambo haya gizani, na kwa hiyo pasiwe na giza: taa za rangi ziwake, lakini taa moja nyeupe ibaki kila kona. Ufunguzi uwe densi iliyoandaliwa na klabu, kisha mwomboko au isukuti ambayo wageni wote wanafunzwa papo hapo kwa dakika kumi. Woga wa kuvuka ukumbi huisha hapo. Maji ya kunywa yawe ya bure. Picha zipigwe na mpiga picha mmoja wa klabu na zisisambazwe bila idhini ya wazazi, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Umeme ukipotea, na Nairobi hupotea, kikosi kijue la kufanya bila kuagizwa. Mwaka mmoja taa zilizimika saa tisa na nusu ukumbi ukiwa umejaa. Kabla sijafika jukwaani, mshika mswada alikuwa amekwisha kufungua mapazia yote ya madirisha, wapiga ngoma wawili wakawa wameketi ukingoni mwa jukwaa, na mdundo ukaanza tena chini chini. Hakuna mwanafunzi aliyekimbilia mlangoni. Tulicheza kwa ngoma hadi saa kumi na moja.

Muhula wa tatu: kukabidhi

Mwezi wa Septemba ni wa stoo. Maleba yafuliwe, yakauke kabisa, yapangwe kwa namba ndani ya masanduku ya bati yenye vipande vya mwarobaini vya kufukuza wadudu. Ngoma zining'inizwe, zisiwekwe sakafuni. Hesabu za fedha zisomwe mbele ya klabu nzima, kila shilingi ya tiketi na kila shilingi ya mafuta ya basi, ili wanafunzi wajue kwamba jasho lao lilikwenda mahali. Kisha kila mwanakikosi wa kidato cha nne akae na anayemrithi kwa alasiri mbili: mmoja afungue na kuzifunga nyaya zote huku mwingine akitazama, halafu wabadilishane. Mswada wenye alama za penseli uhifadhiwe pamoja na maoni ya waamuzi, kwani ndio utakaosomwa Oktoba mkianza kuandika mchezo mpya. Orodha ya vifaa isainiwe na aliyekabidhi na aliyepokea, nakala moja iende kwa mwalimu mkuu, na nyingine ibandikwe ndani ya mlango wa stoo, kwenye usawa wa macho ya mwanafunzi wa gredi ya 10.